Mwenye nguvu ndani ya nyumba ndo aanze kuongea: ndoa za kupangwa kwenye ranobe

Kuna aina moja ya stori za Kijapani nikianza siachi, zile za ndoa ya kupangwa ndani ya ulimwengu wa fantasia. Unazijua. Binti ananyanyaswa nyumbani na mama wa kambo, siku moja anaambiwa fungasha unaolewa, anapelekwa kwa mwanaume ambaye mji mzima unamuogopa, akifika anakuta jamaa ana utu kuliko ndugu zake wote wakijumlishwa. Wajapani wanaziita ranobe hizi riwaya fupifupi zenye michoro ndani, na nyingi za aina hii zimeanzia kwenye tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, ipo toka 2004, mtu yeyote anapandisha sura zake bure pale, wasomaji wakizipenda ndo wachapishaji wanakuja kugonga hodi. Ziko nyingi mno na nyingi zinafanana, sitaki kudanganya, ila leo naongelea kitu kimoja tu ndani yake, jinsi watu wawili ambao hawakuchaguana wanavyojifunza kuongea. Na msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: kwenye ndoa ya namna hii yule mwenye nguvu ndani ya nyumba ndo anatakiwa aanze kufungua mdomo, na ndo anatakiwa ahakikishe mwenzie akifungua wake hatadhurika. Stori inayolielewa hilo naipenda, isiyolielewa hata mume awe mzuri na tajiri vipi kwangu imefeli.

Nitaitumia sana My Happy Marriage ya Akumi Agitogi maana ndo ambayo watu wengi wameshaiona, anime yake, yaani katuni ya Kijapani, ilitoka 2023 kutoka studio ya Kinema Citrus na ikawekwa Netflix, msimu wa pili ukaja 2025, lakini kitabu chenyewe kilianza kuchapishwa 2019 na kabla ya hapo kilikuwa sura za bure kwenye hiyohiyo Narō. Kama hujaisoma na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa, kasome, halafu urudi tuongee.

Miyo Saimori ana miaka 19. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, baba akaoa mwanamke aliyekuwa anampenda toka zamani, akazaliwa mdogo wake Kaya, Kaya akaonekana ana uwezo wa kuona viumbe wasioonekana na Miyo hana, basi toka hapo Miyo akaacha kuhesabiwa mtoto wa nyumba ile. Kazi za mtumishi anafanya yeye, nguo anavaa zilizochakaa, hakuna anayemuuliza kitu. Anapelekwa kwa Kiyoka Kudo, miaka 27, kamanda wa kikosi cha jeshi kinachopambana na hao viumbe, mtu ambaye wachumba kadhaa wameshakimbia kwake baada ya siku chache tu. Anaingia chumbani, anainama mpaka paji la uso linagusa mkeka, hasemi neno mpaka asemeshwe. Na Kiyoka anamwambia hapa utafuata ninalosema, nikisema ondoka unaondoka, nikisema kufa unakufa. Miyo anaitikia tu. Anakubali kirahisi kama ameagizwa chumvi jikoni.

Hapo ndo stori iliponishika. Kiyoka mwenyewe anashtuka, maana wale wengine wote walikuwa wakisikia kauli kama ile wananuna, wanalalamika, wanafungasha. Alikuwa anaitumia kama chujio, aone nani atakasirika. Sasa amempata mtu ambaye hakasiriki kabisa, na kwa macho ya haraka ungesema amepata mke mtulivu, mtii, mambo safi. Lakini mwandishi hatuachi tufikirie hivyo hata kwa kurasa tano. Utulivu wa Miyo si amani, ni woga ambao umeshazoeleka mpaka hautetemi tena, na ndo maana mimi huwa nawaambia watu ukiona nyumba haina ugomvi kabisa usikimbilie kuisifia, uliza kwanza kama wote wawili wanaruhusiwa kugomba.

Halafu inakuja ile asubuhi ya chakula. Nyumbani kwa Kiyoka kuna mama mtu mzima anaitwa Yurie, amemlea Kiyoka toka mdogo, ndo anayepika. Miyo anaamka alfajiri anaandaa chakula cha asubuhi maana hajui kukaa bila kazi. Kiyoka anakaa, anaangalia, anamwambia anza kula wewe. Miyo anasita. Anasita kwa sababu kichwani mwake hawezi kula kabla ya mwenye nyumba, ni adabu aliyofundishwa kwa kunyanyaswa. Kiyoka anasoma kusita kule kivingine kabisa, anahisi kuna sumu, anamwambia hivyo usoni, anainuka anaondoka bila kugusa kitu.

Tusimame hapa kidogo kwa sababu tukio zima halizidi dakika mbili lakini lina kila kitu. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ina akili ukiijua historia ya mtu. Mwanaume wa cheo kile kuogopa sumu si ujinga. Binti aliyekulia vile kusita si hila. Kilichokosekana ni swali moja tu, mbona huli? Swali lenyewe lingechukua sekunde tatu. Na angalia nani alikuwa na uwezo wa kuliuliza. Miyo hawezi kuuliza kitu pale, hata kujitetea hajui kunaanzaje, anachojua ni kuomba msamaha. Kiyoka ndo mwenye nyumba, ndo mwenye meza, ndo mwenye neno la mwisho, angeuliza asingepoteza chochote.

Kinachofuata ndo kinaitofautisha stori hii na mia nyingine. Yurie anamwambia Kiyoka ukweli, kwamba binti wa watu alikuwa ameamka mapema anajitahidi. Na Kiyoka hang'ang'anii, anarudi nyuma, anakiri kwamba alimsemea vibaya, baadaye anakila kile chakula na anasema ni kitamu. Miyo analia. Kiyoka anabaki ameduwaa hajui kosa lake liko wapi, maana kwake ni sentensi ya kawaida, kwa Miyo ni kitu ambacho hajakisikia miaka. Ninachopenda ni kwamba jamaa hajifanyi ameelewa. Anauliza. Kuanzia hapo anakuwa mtu wa kuuliza, si kila mara, anasahau, lakini mwelekeo unaonekana.

Kuna lile la samahani pia. Miyo kila sentensi samahani, akiitwa samahani, akipewa kitu samahani, akisifiwa samahani. Kiyoka anamwambia aache, kwamba msamaha ukiombwa kila saa unakosa uzito. Sasa hapa nina mawili. Yuko sahihi kwa alichosema, lakini kumwambia mtu mwenye woga acha kuogopa hakujawahi kumtoa mtu woga, na stori inalijua hilo kwa sababu Miyo hakomi. Anaendelea nayo sura na sura. Inapungua taratibu sana, inapungua kwa sababu mara nyingi ametegemea kufokewa na hakufokewa. Hivyo tu. Mwandishi angeweza kumponya kwa busu moja kama wanavyofanya wengi, hakufanya hivyo na namshukuru.

Wasichokisema watu sana ni kwamba Kiyoka huyuhuyu ana tabia moja mbaya, anachunguza badala ya kuuliza. Anaona kuna kitu hakiko sawa, nguo za Miyo, alivyokonda, binti wa ukoo mkubwa anapika vizuri na hana hata mhudumu, basi anatuma watu wafuatilie familia ya Saimori. Anaujua ukweli wote wakati Miyo bado anahangaika usiku namna ya kuusema. Anaenda mwenyewe kwa baba mkwe, anamwambia nitatoa mahari kubwa lakini kwa sharti mumuombe Miyo msamaha mbele yake. Unasoma unapiga kelele kwa furaha, na mimi nilipiga, ila ukitulia unajiuliza, je Miyo aliutaka huo msamaha? Aliulizwa? Kumpigania mtu bila kumuuliza anataka kupiganiwa vipi bado ni kumuamulia, hata kama unamuamulia mazuri. Mabishano niliyoyaona kwenye hili ni makali, kuna wanaosema kwa hali ya Miyo asingeweza kujibu swali kama hilo wakati ule na nawaelewa, ila basi angeambiwa mapema baada ya hapo.

Anachojiokolea Kiyoka ni namna anavyoutumia huo ukweli alioupata, maana hautumii. Miyo anafika mahali anaamua liwalo na liwe. Ameshatengeneza zawadi, kamba ya kusuka ya kufungia nywele za Kiyoka, ameisuka kwa mikono yake, anaenda nayo, anapiga magoti, anasema mimi sina kipaji chochote, sina hata ule uwezo wa kuona viumbe, nilinyamaza kwa sababu niliogopa ukijua utanifukuza. Anamaliza yote. Na Kiyoka aliyekuwa anajua kila neno anamsikiliza mpaka mwisho. Hamkati. Hamwambii najua bwana nyamaza. Halafu anamwambia yeye anafikiria waurasimishe uchumba wao. Kuna tofauti kubwa kati ya siri yako kugunduliwa na siri yako kuitoa mwenyewe kwa mdomo wako, na jamaa alimwachia Miyo hiyo ya pili. Kama kuna ukurasa mmoja wa ranobe zote ningependa wachumba wakae wasome pamoja ni huo.

Matunda yake yanaonekana muda si mrefu. Miyo anatekwa, anafungiwa stoo ya nyumbani kwao, Kaya na mama yake wanamtesa, wanachotaka ni neno moja tu, aseme anauacha uchumba. Yule Miyo wa samahani, yule aliyekubali kuambiwa kufa, anakataa. Anakataa akiwa amefungwa. Na haijatokea hewani, imetokana na wiki za mtu kumsikiliza mpaka akaanza kuamini kwamba anachokitaka yeye nacho kina uzito. Mtu hawezi kusema hapana kwa adui kama hajawahi kuruhusiwa kuisema kwa rafiki.

Na ndo maana huwa namuonea huruma lakini simtetei Koji Tatsuishi, yule kijana waliyekua pamoja na Miyo. Mpole, mwema, alimpenda Miyo toka utotoni. Na alikaa kimya. Baba yake anapanga, baba wa Miyo anapanga, anapewa Kaya amuoe, anakaa kimya. Anaona Miyo anavyonyanyaswa, anaumia moyoni, anakaa kimya. Wema aliokuwa nao haukumfikia Miyo hata siku moja kwa namna ya kumsaidia, mpaka pale alipokimbia kumtafuta Kiyoka aseme Miyo ametekwa, yaani mara ya kwanza anaongea kwa nguvu ndo anakuwa na faida kwa mtu. Tuna wanaume wengi wa aina ya Koji kwenye hizi stori na wasomaji wanawapenda kwa sababu ni wapole. Mimi siwezi.

Watu wengi waliotazama wanaishia juu juu kwenye juzuu ya kwanza kwa sababu ndo tamu, ila kwangu juzuu ya pili ndo somo lenyewe, maana pale wanafeli wote wawili. Miyo sasa anapendwa, anakula vizuri, ana nguo nzuri, na anataka awe mke anayestahili, kwa hiyo anaomba afundishwe mambo ya kijamii, heshima za karamuni na kadhalika, mwalimu wake ni Hazuki, dada yake Kiyoka. Wakati huohuo kila usiku anaota ndoto mbaya. Halali. Anakonda tena. Na hamwambii Kiyoka. Sababu yake ni ileile ya wengi wetu, mwenzangu ana kazi nyingi, nisimuongezee mzigo. Kiyoka naye kweli kazini kunawaka moto, anarudi usiku, anaona mwenzie hayuko sawa, anauliza uko sawa? anajibiwa niko sawa, basi anaishia hapo. Siku mambo yanalipuka anaongea kwa hasira, ya kuumiza, kwa mtu yuleyule aliyejifunza kuongea kwa sababu yake. Miyo anaondoka anaenda kwa ukoo wa mama yake, kina Usuba, ambako kuna Arata, binamu yake Miyo, anayemwambia Kiyoka waziwazi kwamba ameshindwa kumtunza.

Nimesoma komenti nyingi za watu waliokasirika pale, kwamba mwandishi amemuharibu Kiyoka. Mimi naona amemfanya awe mtu. Mtu anayeuliza vizuri akiwa na nafasi na akili imetulia anaweza kabisa kufoka akiwa hajalala siku tatu, na mtu aliyejifunza kusema ukweli mara moja anaweza kabisa kurudi kwenye kuficha. Uko sawa, niko sawa, hayo si mazungumzo, ni salamu. Na ukweli ni kwamba Miyo alifundishwa kuongea kuhusu yaliyopita, hakuwa amefundishwa bado kuomba msaada wa leo, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ninachokiangalia kwenye stori kama hii si kama walikosana, ni wanarudije. Wanarudi kwa kila mmoja kutaja sehemu yake. Kiyoka anaomba msamaha yeye kwanza, mwanaume wa cheo kile, na Miyo naye anakubali kwamba kuficha kwake kuliwaumiza wote. Hakuna anayesema basi tusahau yaliyopita, wakakumbatiana, sura ikaisha.

Sasa niongee na wale mnaosema hizi stori zinapamba ndoa za kulazimishwa. Hoja yenu ni nzito na siipuuzi. Miyo hakuulizwa. Na ulimwengu ule umechorwa kufanana na Japani ya enzi za Meiji na Taishō, yaani kati ya 1868 na 1926, na sheria ya kiraia ya Kijapani ya 1898 ilitaka kweli mkuu wa familia atoe ridhaa ndo mtu aoe au aolewe, baba wa Miyo hakuwa anafanya kitu cha ajabu kwa macho ya zama zile. Ilibidi vita viishe na ije katiba mpya ya 1947, kifungu cha 24, ndo ikaandikwa kwamba ndoa msingi wake ni ridhaa ya wale wawili tu. Na hata baada ya hapo ndoa za kukutanishwa, omiai, ziliendelea kuwa nyingi kuliko za kupendana wenyewe mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960 ndo zikazidiwa. Kwa hiyo msomaji wa Kijapani anayesoma haya leo hasomi kuhusu sayari nyingine, anasoma kuhusu bibi yake.

Na sisi vilevile. Kwa wengi wetu barua ya posa, mshenga, kikao cha wazee na mahari viko hai mpaka kesho, na kupangwa si lazima iwe kulazimishwa, nina shangazi aliyeletewa posa na mtu asiyemfahamu, akapewa muda, akauliza maswali yake, akakubali, na wanaelewana mpaka leo kuliko wengi waliochaguana wenyewe. Tofauti ni kama una mlango wa kutokea. Ndo maana kwangu kipimo cha stori hizi ni kimoja, je mume anampa mke mlango? Kiyoka anautoa, taratibu, mpaka kukaa kwa Miyo pale kunakuwa uamuzi wa Miyo. Stori ambayo mume ni mpole lakini mke hana pa kwenda na hakuna anayelitaja hilo, hiyo ndo inayopamba, na hapo nakubaliana na nyie asilimia mia.

Mfano wa upande mwingine ni Bibliophile Princess. Elianna Bernstein anapenda vitabu kuliko watu, mwana wa mfalme Christopher anamfuata na pendekezo la uchumba ambalo kwa jinsi alivyoliweka Elianna analielewa kwamba ni uchumba wa jina tu, akae pale, asome vitabu vyake, wengine waache kumsumbua mwana wa mfalme. Miaka minne inapita. Minne! Elianna anamuona Christopher na binti mwingine, anajiambia sawa, muda wangu umeisha, anaanza kujiandaa kuondoka. Kumbe jamaa anampenda toka utotoni na ikulu nzima inajua kasoro yeye. Inatakiwa tuone ni tamu. Ina utamu wake, Elianna ni mhusika mzuri sana, maarifa yake ya vitabuni yanasaidia nchi kwa namna ambazo hata yeye hajui. Ila miaka minne mtu analala akijua ni mchumba wa karatasi! Christopher alikuwa mwema kila siku, zawadi, muda, maktaba ya kifalme, na wema wote ule haukubeba ujumbe kwa sababu hakuusema kwa mdomo. Yeye ndo mwana wa mfalme, yeye ndo aliyekuja na masharti, kwa hiyo yeye ndo alikuwa na wajibu wa kuyafafanua. Mwenzie alichukua maneno kama yalivyotamkwa, na hiyo si kosa lake.

Nahisi pia namna hizi stori zinavyozaliwa inachangia. Sura zinatoka moja moja, mwandishi anataka urudi kesho, na hakuna kitu rahisi cha kumrudisha msomaji kama watu wawili ambao wangeongea dakika tano yangeisha lakini hawaongei. Msomaji mzoefu anajua kutofautisha. Kuna kutoelewana kunakotokana na mtu alivyolelewa, kama kusita kwa Miyo pale mezani, na kuna kule kwa mtu kusikia nusu ya sentensi nyuma ya pazia halafu akakimbia. Cha kwanza kinanifanya nifikirie, cha pili kinanifanya niruke kurasa.

Niliyoifurahia kwa sababu nyingine kabisa ni 7th Time Loop ya Touko Amekawa. Rishe ameshakufa mara sita, kila akifa anarudi siku ileile uchumba wake wa kwanza unavunjwa, na kwenye maisha ya sita aliyemuua ni Arnold Hein, mwana wa mfalme wa nchi adui. Maisha ya saba huyohuyo Arnold anamposa. Anakubali, lakini anakubali kwa masharti, anayataja yeye mwenyewe, waziwazi, kabla ya safari, na jamaa anayapokea. Binti wa Kiranobe anayejadili masharti ya ndoa yake mwenyewe bila kusubiri baba aongee, nilishangilia. Wana siri nzito kila mmoja, sisemi wako wazi kwa kila kitu, ila makubaliano yao ya kila siku wanayajadili kama watu wazima, na Arnold akiulizwa kitu asichotaka kujibu mara nyingi utaona kabisa kwamba amekataa, hadanganyi kwamba hakuna kitu. Kusema hili sitaki kuliongelea ni mawasiliano pia, tena mazuri.

Kitu kingine kinachoziokoa ndoa hizi ni watu wa pembeni, na kinasahaulika. Bila Yurie kile chakula kingemwagwa na Miyo angefungasha. Bila Hazuki, ambaye yeye mwenyewe aliozwa kwa mpango na ndoa yake ikavunjika, Miyo asingekuwa na mwanamke hata mmoja wa kumwambia kwamba ndoa inaweza kuvunjika na mtu akaendelea kuishi na kucheka. Kule kwao zamani kulikuwa na nakōdo aliyewakutanisha na wakigombana ndo walirudi kwake, sisi tuna mshenga, na Pwani binti ana somo wake, yule mwanamke anayemfunda. Wazo ni lilelile, usiwaache wawili peke yao na maneno ambayo hawajayajua bado. Ila angalia Yurie anavyofanya: anamfikishia Kiyoka alichokiona, halafu anatoka chumbani. Hawaamulii. Mashangazi zetu wengine hapo pa kutoka chumbani ndo pagumu.

Mazungumzo ambayo bado nayasubiri kwenye ranobe za aina hii ni mengi. Pesa, kwanza. Waume wote hawa ni matajiri, basi pesa haijadiliwi, mke ananunuliwa kimono dukani na anaona aibu na inaishia hapo, hakuna anayemuuliza unataka uwe na chako mwenyewe kiasi gani. Watoto, hakuna anayeuliza unataka wangapi au kama unataka, kwenye ulimwengu ambao koo nzima zinaoana ili kurithisha vipaji! Na mwili. Wanafika mpaka harusi wanashikana mikono kwa aibu, sisemi yaandikwe mambo ya chumbani, nasema mtu aliyepigwa na kunyanyaswa utotoni kama Miyo ana haki ya kuulizwa ukinishika hapa unajisikiaje, na ukurasa mmoja wa swali hilo ungenifurahisha kuliko mapigano yote na wale viumbe.

Kama unataka kuanza kusoma, chukua My Happy Marriage juzuu ya kwanza na ya pili kwa mpigo, zipo kwa Kiingereza kutoka kwa mchapishaji Yen On, usiishie ya kwanza maana utabaki na picha ya mume asiyekosea. Bibliophile Princess soma ukiwa na subira. Na kama umeshasoma yoyote ambayo wanaongelea pesa au watoto kabla ya harusi, niambie jina lake, naitafuta leo leo.